Kidole cha Murugi

"Tia kidole hapa, mama, uanze upya," karani alisema, akimsogezea Murugi fomu na pedi ya wino.

Kuanza upya kulikuwa kupoteza miaka kumi na minne. Muda huo wote Murugi alipiga deki zahanati ya Mweiga, na kila mwezi baraza la wilaya, lililoiendesha, lilimkata akiba ya uzeeni. Sasa serikali ilikuwa imeichukua zahanati, na akiba ilipaswa kumfuata kwa mwajiri mpya.

"Lakini ni yangu," alinong'ona.

"Kitabu cha baraza kinasema Murugi binti Ndungu. Wewe ni Murugi mke wa Theuri. Ati nitajuaje ni mtu mmoja?"

Watu kwenye foleni walicheka. Murugi, ambaye hata kanisani huimba kwa sauti ya chini, alichovya kidole gumba kwenye wino. Fomu hakuigusa. Alikivuta kile kitabu cha baraza cha mishahara kilichokuwa wazi mezani, akakandamiza kidole pembeni mwa ukurasa, kando ya alama aliyotia kupokea mshahara akiwa msichana.

Kovu la panga lilizikata alama zote mbili, jeupe, limepinda mahali pale pale.

Karani aliinama. Akafunua ukurasa mwingine, na mwingine. Kila mwezi kovu lilikuwepo.

"Sasa utaandika miaka mingapi?" Murugi aliuliza, na safari hii foleni nzima ilimsikia.

Karani alichukua kalamu. "Kumi na minne, mama."

"Na miezi mitatu," alisema Murugi, akichovya kidole tena.