Jina Linabaki

"Tumeshinda!" wakili wa mashabiki alipaza sauti kwenye ngazi za mahakama, na watu waliokuwa wakichoma soseji kwenye maegesho, kama siku ya mechi, wakayaacha majiko yao wakaja mbio kwenye theluji.

Sheria ya jimbo la Ohio, alisema, imembana mmiliki anayetaka kuihamisha timu. Jina la timu haliendi popote. Rangi haziendi popote.

Mwanamke mmoja, Halina, akapenya hadi mbele. "Na wachezaji, wakili?"

"Hao wanahamia kusini. Kuhusu hao, sheria ilimtaka atoe notisi tu, na ameitoa."

"Na uwanja?"

"Sasa mama, uwanja bila timu wa nini? Theluji ikiyeyuka wanauvunja."

Nyuma yake watu walishaanza kuimba wimbo wa timu.

Halina akaitazama glavu yake ya kulia. Hakuwa ameifua tangu msimu uliopita, alipoinama juu ya uzio na kumwaga majivu ya mwili wa baba yake kwenye nyasi za uwanja. Mzee, aliyeletwa Marekani kwa meli akiwa mtoto, aliusia hivyo: "Nimehama vya kutosha. Nilazeni ilipo timu yangu."

Jamaa mmoja mwenye bia akaudaka mkono ule ule, akauinua juu.

"Changamka, dada! Tumeshinda!"

Akakigonga kiganja cha Halina kwa chake, kwa furaha. Vumbi la kijivu likaruka kutoka kwenye mishono ya glavu, likatua kwenye bia ya yule jamaa.

Akanywa.