Pongezi kwa Mzee Hatua

Katibu wa tawi alifuta mistari sita kwenye jarida la chama cha wafanyakazi, akasoma kilichobaki: harusi ya muuguzi wa zahanati, semina ya mafao ya uzeeni, na mechi ambayo timu ya halmashauri ilichapwa na walimu mabao matano. Mistari aliyoifuta ilikuwa ya kumpongeza Mzee Hatua, tarishi wa ofisi, aliyebakiza wiki tatu astaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kupanda na kushuka ngazi zile.

Mwenyekiti ndiye aliyeagiza. Jarida lisitoke na sifa za mtu huyo, alisema, mpaka kikao cha saa kumi kiamue.

Tangu mwaka uanze, wanachama wanne waliokuwa wakipanga mgomo walihamishiwa vituo vya mbali, mmoja baada ya mwingine, kila mara siku chache baada ya kikao cha siri. Mkurugenzi alijua nani kasema nini, hata nani kakohoa. Katibu naye aliwahi kupewa barua ya uhamisho, mwezi wa pili. Akaenda kumlilia mkurugenzi: mama yake husafishwa damu mara mbili kwa wiki, na huko alikopangiwa mashine hiyo haipo. Barua ikafutwa. Wenzake walimshukuru Mungu pamoja naye.

Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakakaa madirishani. Mpima ardhi, wa nne kuhamishwa, alikuwa amepewa siku saba aondoke, amwache mke mjamzito na watoto wawili. Alisimama. Alisema Ijumaa tatu mfululizo amemwona Mzee Hatua akimkabidhi mkurugenzi bahasha isiyo na anwani, isiyopitia masjala.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mwenyekiti alisema. "Mzee, bahasha hizo ni za nani?"

Mzee Hatua alikuwa mstari wa mbele, kofia yake magotini. Alijibu kwamba kazi yake ni kupeleka, si kusoma.

"Hatujakuuliza kama umesoma. Tunauliza nani alikupa."

Akaigeuza kofia magotini. Aliulizwa mara ya pili, na ya tatu. Mtu mmoja nyuma akamwita ndumilakuwili. Mwingine, mpishi wa kantini, akakumbusha kwamba mzee huyu ndiye aliyepita mlango kwa mlango kutafuta wanachama, wakati chama kizima kilienea kwenye benchi moja. Wakamzomea mpishi, akaketi.

Katibu alikuwa akiandika kumbukumbu. Aliweka kalamu chini, akaomba shauri liahirishwe. Mtu wa umri huu, alisema, hafukuzwi kwa mazungumzo ya dakika kumi. Mwenyekiti alimjibu kwa upole kwamba moyo wake wanaujua, ila huruma haitawarudisha wale wanne.

Wakapiga kura ya kumfukuza kwa kunyoosha mikono. Wa Katibu ulinyanyuka wa mwisho, nao haukuvuka sikio.

Mzee Hatua alitoa kadi yake ya uanachama mfukoni, akaipangusa kwa kiganja, akaiweka mezani. Hakuna aliyemuaga. Mpima ardhi, aliyekuwa ameshinda, aliinamisha uso akalia kama mtoto.

Watu walipotawanyika, Katibu alimkuta mzee kwenye ngazi za nje, akishuka taratibu, mkono mmoja ukutani. Alimwita. Mzee aligeuka, akamsubiri. Katibu alibaki akikunjakunja karatasi za kumbukumbu mikononi, machozi yakimlengalenga.

"Mama yako kesho ana zamu ya mashine?" mzee aliuliza.

Akaitikia kwa kichwa.

"Mwambie namsalimu. Mwambie ajikaze, bado anahitajiwa."

Alishuka ngazi mbili, akasimama tena. Safari hii hakugeuka.

"Ila ile bahasha yako ya Ijumaa, mwanangu, wiki hii itabidi uipeleke mwenyewe."