Sharti la Korongo

Wapokezi wa hekaya wanasimulia kwamba ndege waliunda baraza la kutunga nyimbo, wakamweka Korongo, mpenda utaratibu, awe bawabu. Sharti lake lilikuwa moja: kila mgeni aimbe wimbo wa zamani wa baraza bila kukosea neno.

Chiriku, aliyebadilisha kila alichoimba, alizuiwa mlangoni.

"Umeongeza neno," alisema Korongo.

"Mzee wangu, si ndiko kutunga?"

"Utatunga ukishaingia."

Wakaingia kasuku watupu.

Tausi alipoomba wimbo mpya wa arusi yake, kasuku arobaini walimwimbia ule ule wa zamani, kwa usahihi mkubwa. Tausi akahamishia arusi uani kwa Chiriku, walikoimba waliokataliwa.

Korongo akafuata, akauliza, "Sharti la hapa?"

"Usimcheke anayejaribu," akajibu Chiriku.

Korongo akajaribu, akakosea. Hakuna aliyecheka.