Doa la Ukurasa wa Tisini

Enyi wakazi wa mji, simameni, tukio kubwa limetokea! Bi Mwanamvua, fundi cherehani, ameingia maktaba kuazima riwaya.

Hakusoma majina wala sifa za nyuma ya jalada. Alifunua kurasa akitafuta madoa.

"Kitabu kitamu hakikosi mchuzi," alimwambia mkutubi, Bwana Kitwana. "Msomaji hakiweki chini hata akila. Vile vitatu visafi ulivyoniazima vimenilaza usingizi. Cha leo nacho kikinichosha, kaka yangu, narudi kwenye redio."

Mkono wake ukaangukia riwaya nene, iliyojaa madoa ya chai tangu ukurasa wa kwanza. Akatabasamu. Kisha akakunja uso.

"Mbona yamepangwa kama vifungo vya shati? Yote duara, yote katikati! Kuna mtoto wa bweni la shule anajua ninavyochagua, amenichezea."

Alitaka kuirudisha, lakini vidole vikaendelea kufunua. Kwenye ukurasa wa kumi na mbili madoa yakakoma. Zikafuata kurasa safi, safi, safi. Ghafla, ukurasa wa tisini, mchuzi wa maharage umemwagika hovyo, na alama ya kidole gumba imekimbilia ukurasa unaofuata.

"Hili halikupangwa," akanong'ona, akavuta kiti.

Ni kweli, Bi Mwanamvua, halikupangwa. Yale ya chai niliyadondosha mimi, huyo mtoto wa bweni, kwa kijiko, huku nikicheka. Lakini nikaanza kusoma, na nilipofika hapo, nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nina sahani mapajani.