Kopo la Vifungo

Simu iliisha chaji mikononi mwa Kadogo, mjukuu wa miaka mitatu ambaye alikuwa hajasema hata “bibi,” neno ambalo bibi yake mshonaji alilitamani mpaka ndotoni.

“Mama, atakulilia huyo!” binti yake akaita kutoka jikoni.

“Na alie, machozi hayajazi ndoo.”

Akamsogezea kopo la vifungo. Mtoto akabonyeza kifungo chekundu, akangoja kilie kama simu. Kimya. Midomo ikaanza kumtetemeka.

Bibi akatema haraka pini alizokuwa amezibana midomoni. “Meee!”

Kadogo akashtuka, akamtazama usoni. Akabonyeza cha bluu.

“Kokorikoo!”

Akacheka. Kisha akanyoosha kidole, akabonyeza pua ya bibi.

Bibi akaumeza mlio uliokuwa ulimini, akangoja neno.

Ile midomo midogo ikakutana, ikajaa pumzi.