Nyundo ya Fundi Randa

Fundi Randa alizima msumeno wa umeme, akapuliza vumbi la mbao kwenye simu na kusimama wima kama aliyeitwa mbele ya hakimu. Karakana nzima ikawa kimya.

"Napiga kutoka ofisi ya ardhi," alisema binti wa upande wa pili, kwa sauti ya mtu aliyechoka kupiga simu. "Tunahakiki viwanja vya biashara na viwanda. Mji umeishiwa nafasi."

Hii ndiyo simu aliyokuwa akiiogopa. Tetesi zilikuwa zimezagaa mtaani: asiyetumia kiwanja chake atanyang'anywa, apewe mwekezaji. Randa alikuwa na kitanda cha maharusi mezani, madirisha ya shule uani, na watoto wanne waliokula, wakavaa na wakasoma kwa kiwanja hicho. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, ila simu aliishika kwa mikono miwili.

Mzembe alikuwa ng'ambo ya ukuta. Huyo ni shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye mtaa ulimpa jina la Kesho, kwa kuwa kiwanda chake cha matofali kilikuwa kikianza kesho tangu enzi Randa akiwa na nywele. Lango lake lilikuwa na kufuli lililoota kutu. Ndani, majani yalimfika mtu kifuani.

"Hapo kwako pako wazi?" binti aliuliza.

"Pako wazi!" Randa alijibu upesi, asije akadhaniwa mvivu. "Kila siku, mwanangu. Hata Jumapili. Na kibao nimeweka getini."

"Wazi kabisa?"

"Kabisa! Muulize yeyote."

"Na jirani yako? Simu yake haipokelewi."

Randa aliutupia jicho ukuta wa shemeji. Damu ni nzito kuliko maji, lakini shemeji si damu, na kile kiwanja kingefaa sana kuanikia mbao.

"Mimi sipendi kumsema shemeji yangu," alisema, kisha akamsema. "Pale pamefungwa. Miaka nenda miaka rudi, pamefungwa."

"Asante kwa ushirikiano, mzee."

Jioni alimsimulia mkewe. Mkewe aliacha kukunja nguo.

"Umeacha kuchonga mbao, sasa unachongea watu? Kaka yangu mimi?"

"Nimesema kweli tupu. Lile kufuli nimelitia mimi?"

Usiku huo alilala akitazama mgongo wa mkewe. Roho ilimsuta kidogo, kisha akaanza kupiga hesabu ya mbao.

Mwezi uliofuata gari la ofisi ya ardhi lilisimama mtaani, limepakia vibao. Randa alitoka na aproni yake, amevaa uso wa mtu aliyekuja kumzika jirani. Wanaume wawili walishuka, wakapekuapekua chini ya viti. Walikuwa wamesahau nyundo.

"Chukueni yangu," alisema Randa. "Na misumari hii hapa, ya inchi nne. Kibao kikae, asije mtu akaking'oa."

"Mungu akubariki, fundi. Sisi kazi yetu kupigilia tu."

Yule mrefu alipokea nyundo, akalipita lango la Kesho bila hata kuligeukia. Alisimama kwenye lango la Randa, chini ya kibao chekundu kilichoandikwa WAZI, akapigilia cha kwake:

KIWANJA HIKI KIKO WAZI. ANATAFUTWA MWEKEZAJI.