Upande Usiopigwa Msasa

Fundi aligundua kosa lake mkono wa mama yake ulipokwisha kufika katikati ya ubao. Alikuwa amempakatisha ubao wa meza juu chini, na upande ule ulikuwa haujaguswa na randa wala msasa.

Viganja vya fundi mwenyewe viliota sugu zamani, havitambui tena palipo laini na palipo na mkwaruzo. Kwa hiyo hakuna kilichopakwa vanishi katika karakana ile kabla mama hajakipapasa. Kila alipokuta dosari, alimcheka: "Hapa ulipiga msasa au ulipiga usingizi?"

Kisha akapata kiharusi. Leo asubuhi ndipo alipotangaza kwamba mkono umepona, na akaidai kazi yake. Kweli, vidole vilikuwa vinakunjuka.

Alifumba macho, kama ilivyo desturi yake. Kiganja kikapita taratibu juu ya alama za msumeno na nyuzi za mti zilizosimama. Kibanzi chenye urefu wa sindano kikazama chini ya kidole gumba. Mkono haukushtuka wala kusita. Ulikwenda mpaka ukingoni, ukiacha nyuma mstari mwembamba wa damu.

"Laini," mama akasema. "Leo umeninyima la kusema, baba."

Fundi akaupokea ubao. "Asante, mama."

"Shukrani za nini? Lete mwingine," akasema, macho bado ameyafumba, na akanyoosha mkono ule ule.